Mita Kumi na Nne na Sentimita Ishirini

14 Januari

Mwanangu,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi lina mambo yake. Wewe je? Na mkwe wangu hajambo? Mwambie vitambaa vya meza alivyoniagiza nimemaliza kuvishona, vinasubiri mtu wa kuja huko.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Naandika kwa sababu barua haiwezi kuambiwa "mama, niko kikaoni." Kila nikikupigia uko kikaoni. Nadhani hata usingizini uko kikaoni, Bwana Mkubwa. Barua itakaa pale mezani ikutazame mpaka uone haya uisome.

Habari ya huku ni moja tu, maji. Ile pampu ya mkono ya sokoni, zamani ulikuwa ukiisukuma mara tatu ndoo inaanza kulia. Sasa tunasukuma mara arobaini ndipo linakuja tone la kwanza, tena na mchanga. Foleni ya ndoo inafika mpaka kwenye mlango wa Fundi Viatu, jirani yetu. Yeye anasema mkono wake wa kulia umenenepa kwa kupampu na anatafuta mtu wa kupigana naye kabla haujakonda tena. Tumecheka, lakini ni kicheko cha kukosa la kufanya. Kila nyumba ina ndoo mbili kwa siku, basi. Kuoga tumegeuza kuwa jambo la Jumamosi.

Na wakati sisi tunapampu, ng'ambo ya barabara Shamba linamwagilia. Unalijua. Walianza na visima viwili miaka tisa iliyopita, na mwaka jana wakaongezewa vinane, vyote virefu, vyote vya mota. Wanalima majani ya ng'ombe. Yanakatwa, yanafungwa marobota, yanapakiwa kwenye makontena, yanakwenda kulisha ng'ombe wa nchi ambayo imekwisha kumaliza maji yake yenyewe. Dereva wao ndiye aliyeniambia, nilipokuwa nikimshonea suruali. Kwa hiyo kuna ng'ombe ambao sijawahi kuwaona wanakula maji yangu, na hata maziwa sipati.

Sasa sikiliza. Wewe uko ofisi ya vibali vya maji. Nataka kujua ni nani aliyewapa hivyo visima vinane. Mimi kadi za kipimo natuma kila mwisho wa mwezi, kama marehemu baba yako alivyozituma, tangu aliponiachia ufunguo wa kile kisima cha kupimia cha kule mlimani. Sijui kama kuna anayezisoma. Wanasema Shamba limeomba vingine vinne. Wakipewa, mji huu utahamwa, na mimi kuhama sitaki. Nyumba hii baba yako aliipandisha tofali kwa tofali, na kaburi lake ni dakika tano kutoka mlangoni. Nataka kuzeeka hapa. Sijaomba kikubwa.

Mimi mama yako.


9 Februari

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta salama na goti limepoa. Sisi hatujambo. Mkweo anashukuru kwa vitambaa, na anasema ujionee huruma, upunguze kushona usiku macho yasije yakaharibika.

Mama, suala la maji ni kubwa kuliko unavyoliona kutoka pale sokoni. Si huko tu. Dunia nzima maji yanapungua. Kuna mito ambayo siku hizi haifiki baharini. Barafu za milimani zinayeyuka, mvua haziji kwa wakati, na zikija zinakuja zote siku moja na kukimbia. Watu wameongezeka, miji imekua, mabomba yanavuja kabla maji hayajamfikia mtu. Na kilimo, kila mahali, ndicho kinachotumia sehemu kubwa kuliko matumizi mengine yote. Hata wakubwa wanakaa mezani wanaumiza vichwa. Shamba moja ukililaumu kwa yote hayo utakuwa unalionea.

Kuhusu vibali, hatutoi ovyo. Kuna taratibu, kuna wataalamu, kuna ushahidi. Jina la mtu mmoja halina maana, maana ofisi ndiyo inayoamua.

Nitawatumia tangi la plastiki la lita elfu moja. Litakuja na lori la mwezi ujao.

Mwanao.


22 Februari

Mwanangu,

Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia hamjambo. Mimi sijambo kwa nje.

Nimekaa na zile habari za dunia nzima. Sikatai hata moja. Lakini dunia nzima haikuja kuchota hapa, mwanangu. Barafu haikupita sokoni na ndoo. Waliochota wana lango, wana bango, wana mlinzi mwenye filimbi. Mtu akiibiwa kuku ukimweleza kwamba wizi uko nchi zote, kuku anarudi?

Na tangi lako, asante, ila tangi halizai maji. Tutaweka nini ndani?

Nikuambie ya zahanati, maana wewe ulizaliwa pale. Mama mjamzito akienda kujifungua siku hizi anaambiwa aje na ndoo yake. Mkunga ananawa juu ya beseni, na yale aliyonawia anapigia deki. Juzi ameletwa binti mwenye uchungu, mumewe nyuma anakimbia na dumu. Dumu limempasukia njiani. Mkunga alinijia kuomba maji yangu ya kupikia, nikampa, na mimi usiku ule nikala mkate mkavu. Mtoto mzima, wa kiume. Wamempa jina zuri tu, ila sisi tunamwita Dumu.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonikalisha kuandika. Wanawake wa sokoni tulikwenda ofisi ya wilaya kuuliza. Tukaonyeshwa ubaoni nakala ya kibali cha visima vinane. Wenzangu walikuwa wakisoma maneno, mimi nikawa natazama chini ya karatasi. Nimeiona saini yako. Ule mkia wa herufi ya mwisho unaozunguka na kurudi nyuma niliufundisha mimi, sakafuni, kwa chaki yangu ya kukatia nguo, ukiwa na miaka mitano.

Nilijifanya sijaona. Mmoja akaniuliza, "Mama Afisa, huyu si ndiye mwanao?" Nikasema majina yanafanana. Nimesema uongo mchana kweupe mbele ya wanawake kumi na saba kwa ajili yako, na nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Waliosema hivyo bila shaka maji walikuwa nayo. Nijibu, na usiniletee habari za ofisi.

Mama yako.


30 Aprili

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kila siku nilianza barua hii na kila siku nikaichana. Nakutakia afya njema, ingawa najua baada ya kusoma hutaniombea hivyo hivyo.

Ndiyo, nilitia saini mimi. Sitajificha nyuma ya ofisi tena. Lakini umeniuliza kwa hasira, na mimi nitakujibu kwa ukweli, hata kama unauma pande zote mbili.

Kanuni yetu iko hivi. Kampuni ikiomba visima, tunafungua jalada la eneo na kutazama kipimo cha kisima cha karibu cha serikali. Kama kiwango cha maji hakijashuka kwa miaka mitatu, ombi linapita. Kama kimeshuka, linakataliwa. Kisima cha karibu na Shamba ni kimoja tu, na kinapimwa na mtu mmoja tu.

Nilifungua jalada, mama. Nilikuta kadi zako thelathini na sita, mwandiko wako mzuri, kila kadi ina tarehe, kila kadi imesainiwa. Na kila kadi inasema mita kumi na nne na sentimita ishirini. Masika, mita kumi na nne na sentimita ishirini. Kiangazi, mita kumi na nne na sentimita ishirini. Mwaka ule wa ukame ambao mlizika ng'ombe, mita kumi na nne na sentimita ishirini.

Kwa hiyo kibali kile hakikusimama juu ya saini yangu. Kilisimama juu ya kadi zako.

Naomba unijibu swali moja, na sikuulizi kama afisa. Ulikuwa unapima?

Mwanao.


6 Mei

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Hujambo, sijambo, yatosha.

Sikuwa napima.

Miaka minane ya kwanza nilipima, Mungu shahidi. Napanda mlima, nafungua kufuli, naondoa mfuniko, napaka chaki mwisho wa tepu ya chuma na kuishusha ndani ya bomba mpaka iguse. Naivuta, natazama chaki ilipolowa, naandika. Baba yako ndivyo alivyonifundisha, na kabla yangu alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Zamani zake tepu ilikuwa inalowa kwenye mita sita. Shamba lilipokuja na visima viwili ikaanza kwenda chini, nane, tisa na nusu, kumi na moja, kumi na mbili. Yote nimeandika, yamo daftarini. Mara ya mwisho ilikuwa kumi na nne na ishirini.

Siku ile nikishuka nilianguka. Goti liligeuka upande usiotakiwa. Sikukuambia, maana ungesema niache, nami nilijua nikisema siwezi wataninyang'anya ule ufunguo wampe mtu mwingine. Ufunguo wa baba yako. Nilipoupokea siku ya mazishi niliapa utatoka mkononi mwangu nikiwa nimekufa. Mwezi wa kwanza nikasema goti litapona, acha niandike kama mwezi uliopita. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Kufika wa tano nikawa nimezoea. Nilikuwa naandika ile kadi huku chai ikichemka, mwanangu.

Na nikuambie kilichonilegeza. Miaka yote minane niliyopima kwa haki, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniandikia "tumepokea." Nilituma habari kwamba maji yanashuka, yanashuka, yanashuka, na huko kwenu kimya. Nikaona ninatupa karatasi shimoni. Sasa kumbe mlikuwa mnasoma, ila mlingoja niseme uongo ndipo mkaamka.

Sijitetei. Nimewakosea watu wote wa mji huu. Jana nimemwambia Fundi Viatu. Aliendelea kupigilia soli, kisha akasema, "Mama, mimi nilidhani ni Mungu." Ningependelea anitukane.

Lakini na wewe rudi nyuma kidogo. Umeandika mwenyewe, masika, kiangazi, mwaka wa ukame. Umezipanga vizuri sana. Maana yake uliona. Wewe mwenye digrii ya maji uliona kisima kilichosimama mahali pamoja miezi thelathini na sita, na ulijua hakuna maji ya namna hiyo chini ya jua. Ungeweza kunipigia siku hiyo hiyo, "Mama, goti vipi?" Hukupiga. Kadi zilikuwa zinasema kile mlichotaka kusikia.

Tarehe ishirini na moja Juni kuna kikao cha kusikiliza pingamizi juu ya visima vinne vipya, na watu wameomba hata vile vinane vifungwe. Nitakwenda kusema ukweli wangu mbele ya wote. Nitapeleka na daftari. Miaka minne ya mwisho ni uongo, lakini ile ishirini na saba ya nyuma ni kweli tupu, na inaonyesha tangu Shamba liingie maji yalivyoanguka. Ni ushahidi gani mwingine tulionao? Niambie tu niseme vipi. Mimi maneno ya mbele ya wakubwa sina.

Mama yako, mwenye makosa yake.


25 Mei

Shikamoo mama,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa chooni ofisini nimefunga mlango, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka mtu anione. Uliyosema ni kweli. Niliona. Siku ile mkuu wangu alikuwa amesimama mlangoni anasubiri jalada, nami nilikuwa nimeahidiwa kuwa mkuu wa kitengo. Nikajiambia mama yangu hawezi kukosea. Ilikuwa rahisi kuamini.

Nenda kikaoni, mama. Nakuunga mkono. Ila usiende kuzungumza tu, watakuchanganya kwa maswali. Kikao kinapokea maelezo ya maandishi. Nimekuandalia ukurasa mmoja, uko ndani ya bahasha hii. Usome, utie saini, umkabidhi mwenyekiti wa kikao asubuhi kabla hawajaanza. Ukifanya hivyo hutaulizwa lolote, na goti lako halitasimama muda mrefu.

Nakupenda, mama. Tutalimaliza hili pamoja.

Mwanao.


4 Juni

Mwanangu,

Hamjambo? Sisi tupo. Pampu ya sokoni imekata kabisa tangu Jumatatu. Tunachota mtaroni, kule nyuma ya Shamba ambako mitambo yao inavuja, mpaka mlinzi apulize filimbi.

Karatasi nimeisoma. Kiswahili chake kizito kama godoro lililolowa, lakini nimeelewa. Kuna mahali pamenikwama. Hapa inasema kwamba "mimi pamoja na marehemu mume wangu hatukuwahi kupata mafunzo, na vipimo vyote tulivyotuma tangu mwanzo visichukuliwe kuwa sahihi." Kwa nini vyote? Na baba yako anaingiaje? Yeye hakudanganya hata siku moja. Unakumbuka alivyopanda na homa ile, mimi nikimshika mkono? Naona kama namsingizia maiti.

Nijibu haraka, siku zimebaki chache.

Mama.


11 Juni

Mama, shikamoo,

Naandika kwa kifupi, lori linaondoka. Usijali kuhusu maneno hayo. Ni lugha ya kisheria tu, ndivyo maelezo ya namna hii yanavyoandikwa. Hakuna anayemsema baba. Tia saini kama ilivyo, usibadilishe kitu, ukibadilisha haitapokelewa.

Niamini.

Mwanao.


23 Juni

Mwanangu,

Nakusalimu kwa sababu nilifundishwa kusalimu.

Nilikwenda. Fundi Viatu alinipeleka na mkokoteni, nikakaa juu ya gunia na daftari la baba yako mapajani. Ukumbi ulijaa. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na chupa za maji, moja moja mbele ya kila mkubwa, na watu wote tulikuwa tunatazama chupa badala ya nyuso. Ulikuwepo na wewe, kiti cha tatu kutoka mwisho. Tai ya bluu. Ulinitazama mara moja tu nilipoingia, baada ya hapo ukawa unasoma meza.

Karatasi yako nilikuwa nimempa mwenyekiti asubuhi, kama ulivyoniagiza, na saini yangu chini. Mkunga akasimama akasema habari za zahanati, watu wakapiga makofi. Fundi Viatu akasema yake. Kisha nikainua daftari, nikasema, "Waheshimiwa, hapa kuna vipimo vya miaka ishirini na saba." Wakili wa Shamba akainuka, kijana mpole sana, akaniita mama. Akaomba karatasi isomwe. Ikasomwa kwa sauti, tangu mwanzo mpaka mwisho. "Vipimo vyote tulivyotuma tangu mwanzo visichukuliwe kuwa sahihi." Akaniuliza, "Mama, saini hii ni yako?" Nikasema ni yangu. "Ulilazimishwa?" Nikasema hapana. Akasema basi hakuna kipimo chochote kinachoonyesha kwamba maji yaliwahi kuwa juu zaidi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema yameshuka. Akakaa. Ilichukua muda mdogo kuliko kupima vazi.

Wakaendelea kusoma. Wakafika pale panaposema kwamba afisa aliyetoa kibali alifanya hivyo kwa nia njema, kwa kuamini taarifa za mpimaji. Pale ndipo nilipoelewa karatasi ile ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya nani.

Visima vinane vinabaki. Vinne vimepita. Daftari la baba yako limewekwa kando, wamesema halina thamani.

Watu hawakunipigia kelele. Walitoka wakinipisha njia, kama unavyompisha mtu mwenye msiba. Mwanamke mmoja tu, yule mama yake Dumu, alisimama mbele ya mkokoteni akaniambia, "Ulitusubirisha miaka minne, kisha ukaja kutumaliza."

Nilikuuliza, mwanangu. Nilikuandikia kwa mkono wangu, kwa nini vyote, baba yako anaingiaje. Ukaniambia niamini. Nataka kujua kitu kimoja: ulijua?

Mama yako.


2 Julai

Mama,

Shikamoo, ingawa sina uso wa kukuamkia.

Nilijua.

Karatasi ile sikuiandika mimi. Iliandikwa na watu wa Shamba, mkuu wangu akaniletea, akasema, "Mama yako akitia saini jambo hili linaisha kwenu wawili bila kesi, asipotia mtashitakiwa wote, yeye kwa kughushi kadi na wewe kwa kuzitumia." Nilikuona gerezani na goti hilo. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini nisiposema yote nitakuwa nimekudanganya tena, mama. Nilijiona na mimi gerezani, na hiyo ndiyo picha iliyokuja kwanza. Nilipofika panapotajwa baba nilirudia kusoma, na bado niliifunga bahasha.

Nisamehe. Njoo ukae kwetu. Chumba kipo, maji yapo saa zote, ya moto na ya baridi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Mwanao.


16 Agosti

Mama, shikamoo,

Sijapata jibu. Nimepiga simu, haipatikani. Nimemwandikia Mkunga, naye kimya. Goti vipi? Mkweo anakuulizia kila siku na mimi sijui nimwambie nini, maana sijamweleza.

Nimepewa ule ukuu wa kitengo. Nilitaka usikie kutoka kwangu. Sikuukataa.

Tafadhali andika, hata mstari mmoja.

Mwanao.


9 Septemba

Mwanangu,

Uliuliza goti. Linauma.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli. Mwezi wa saba nilimwomba Fundi Viatu na wenzake wanipandishe mlimani kwa mkokoteni. Hawakuwa na sababu ya kunisaidia, lakini walikuja. Mfuniko ulikuwa umeshika kutu, waliugonga kwa nyundo ya viatu. Nikapaka chaki, nikashusha tepu. Ilikwenda mpaka ikaisha, mita arobaini, ikarudi na chaki yake kavu. Niliketi pale chini nikalia kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha. Labda hayo yangetokea hata kama ningepanda kila mwezi, labda yasingetokea. Hilo sitalijua, na ndilo litakalonizika.

Zahanati imefungwa mwezi uliopita. Shule haikufungua. Mama yake Dumu amekwenda na mumewe, sijui ni wapi. Fundi Viatu amebeba kalibu zake zote za kushonea viatu kwenye gunia moja, akaniambia mji usio na miguu hauhitaji viatu. Mkunga amepata kazi mahali, na amesema niende naye, nitamshonea. Mtu ambaye nilimkosesha maji ya kuzalishia ndiye aliyenitengea kitanda. Kesho asubuhi tunapakia. Cherehani itakuwa juu ya kila kitu, isije ikavunjika mguu.

Baba yako ninamwacha. Jana nilikwenda kumuaga. Sikumweleza habari ya karatasi, na sikumweleza habari zako. Nilimwambia tu kwamba nahama. Wafu angalau hawaoni kiu.

Kwako siji. Najua chumba ni kizuri na najua maji yapo. Ningeoga asubuhi na jioni, ningenenepa, ningecheza na wajukuu Mungu akiwaleta, na kila ukirudi kazini na kuning'iniza koti ningejiuliza leo umesaini wapi.

Usidhani nakutupia wewe mzigo wote. Mimi ndiye niliyeandika uongo wa kwanza, tena bila kushikiwa fimbo na mtu. Labda ndivyo nilivyokulea bila kujua, mtoto anatazama mikono ya mama yake kuliko maneno yake. Nimekuombea. Nimejaribu kukuchukia, kwa bidii kabisa, nimeshindwa. Nimejaribu na kukusamehe, hilo nalo nimeshindwa. Nikiwa mbali nawe naona nitaweza kuishi na yote mawili.

Kwa hiyo huko niendako sikuandikii ni wapi.

Mama yako.